Mbwa wa Kauri wa Dirishani kwa Bi Marit

Juzi watu wa manispaa walikuja kuziba mashimo ya barabara yetu hapa Mayfair, Johannesburg, pale kwenye robot, taa za barabarani za karibu na msikiti, wakaleta pipa la lami inayochemka. Watu wakafunika pua. Msomali mwenye duka la vitambaa akashusha mlango nusu, akalalamika kwamba baibui zake zitanuka mpaka Ijumaa. Mimi nikasimama pale pale na mfuko wangu wa viazi, nikaivuta harufu ile kama mtu aliyepewa udi, hadi mjukuu wangu Rehema akanishika mkono akaniuliza, "Gogo, unaumwa?" Gogo kwa Kizulu ni bibi. Nikamwambia siumwi, niko mbali kidogo, nitarudi. Harufu ya lami ya moto, ikichanganyika na baridi ya asubuhi, hunipeleka mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo si Tanga nilikozaliwa wala hapa nilikozeekea. Ni mji mdogo wa bandari kule Norwe, mji wa mbao unaoitwa Lyngsund, ambako kila kitu kilipakwa lami: mashua, kamba, nguzo za gati, hata mapaa ya maghala. Nilikaa huko msimu mmoja wa baridi, nikiwa na miaka tisa. Rehema haamini. Anaona bibi yake aliishia darasa la nne, Kiingereza chake cha kuokoteza, basi Norwe atakuwa amekwenda na nani? Nilikwenda na mama yangu. Tena kwa meli.

Mama, Mwanaidi, alikuwa yaya wa Wazungu kule Raskazone, Tanga. Mwajiri wake, Bwana Nils, kazi yake ilikuwa kutengeneza injini za matishari, zile mashua bapa zinazobeba marobota ya mkonge kupeleka kwenye meli zilizotia nanga katikati ya maji. Kiswahili chake kilikuwa cha makuli wa bandarini, amekiokota pamoja na matusi yake yote, na nusu ya matusi hayo hakujua kuwa ni matusi. Mke wake, Bi Inga, alizungumza vizuri zaidi, pole pole, kama anayechambua mchele. Walipojaliwa mtoto wa kike, kifua chake kikawa dhaifu, na Bwana Nils alipopata likizo ndefu wakaamua kumpeleka kwa bibi yake huko kwao mpaka miezi ya mvua. Mtoto alikuwa halali ila mgongoni kwa mama yangu. Wakamwomba mama afuatane nao. Mama akasema, "Bila mwanangu siendi," akafunga mdomo, na ukimjua mama yangu alipofunga mdomo, ulikuwa unakata tiketi mbili.

Majirani walidhani ameifuata baridi kwa ajili ya mshahara. Mimi nililala naye kitanda kimoja, najua alifuata nini. Baba yangu, Salim, alikuwa baharia. Alichukuliwa pale pale Tanga na meli ya Wanorwe iliyokuja kupakia mkonge, akawa anapaka mafuta mitambo huko chini kwenye joto. Mwaka wa kwanza alileta barua mbili na kitambaa cha hariri. Baada ya hapo, kimya. Miaka minne ilikuwa imepita. Shangazi zangu walimwambia mama aende kwa kadhi afunguliwe, yeye bado kijana, ataishi vipi kama mlango usiofungwa wala usiofunguliwa. Mama alikuwa akiwajibu, "Meli ni ya Norwe. Siku moja nitauliza Norwe." Basi Mungu akamletea Norwe yenyewe, na akapanda.

Tulifika Novemba, mchana, na mchana wenyewe ulikuwa tayari unakaribia kuisha. Mji ulikuwa umeng'ang'ania majabali juu ya maji, nyumba nyeupe za mbao zimebanana kama meno, na vichochoro vyembamba kuliko vya Pangani, vya mawe yanayoteleza. Mbele kabisa, miguu ndani ya maji, yalisimama maghala mekundu yenye magurudumu ya kamba juu ya milango. Bwana Nils alinitembeza siku za mwanzo, mkono wangu ndani ya mfuko wa koti lake. Akaniambia mji ule ulianza kwa mbao na samaki. Babu zao walikata miti milimani, wakaipeleka Uholanzi na Uingereza kwa merikebu za matanga, na wakirudi walileta vigae, vyombo vya kauri, sukari na magonjwa. Mji uliwahi kuungua wote. Moto ulitoka kwenye tanuri la mwoka mikate, upepo ukaubeba, na asubuhi kukabaki kanisa na mabomba ya moshi tu yamesimama. Wakaujenga tena vile vile, kwa mbao zile zile, kwa sababu hawakujua kujenga kwa kitu kingine, na mimi niliona huo ni ukaidi mzuri. Kisha akanizungusha nyuma ya nyumba moja nyeupe kama yai, nikakuta nyuma ni nyekundu ya kutu. Rangi nyeupe zamani ilikuwa ghali, akasema, basi walipaka upande unaoonekana kutoka barabarani. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye theluji. Kumbe na Wazungu hupaka poda uso na kuacha shingo!

Samaki wao nilimpenda na kumchukia. Kulikuwa na mkavu, mgumu kama ubao wa mlango, wanampiga kwa nyundo kabla ya kumloweka; mama alimnusa akasema huyu ni ndugu wa ng'onda, amepotelea ugenini. Na kulikuwa na wadogo wanaong'aa kama fedha, kama dagaa walionenepa, waliowekwa chumvi ndani ya mapipa. Wazee walikaa kwenye benchi la gati wakitafuna tumbaku na kuisema kila meli inayopita, jina lake, umri wake, na nahodha wake alimwoa nani. Nikasema moyoni, hawa ni watu wa Tanga waliofifia rangi. Kwa watu wa bandari kazi ni ile ile: kutazama maji na kusema watu.

Kwa kusema watu walikuwa na chombo kabisa. Nje ya madirisha ya ghorofani walipigilia kioo kidogo, kimeinamishwa, ili mwenye nyumba akikaa ndani na kufuma sweta aione barabara nzima, nani anakuja, nani ameshika nini, bila yeye kuonekana. Sisi kwetu tunakaa barazani na kuambiana wazi. Wao baraza yao waliiweka ndani ya kioo, kwa sababu ya baridi. Bi Olga wa nyumba ya mkabala alikuwa na vioo viwili.

Nyumba tuliyofikia ilikuwa ya mama yake Bwana Nils, Bi Marit. Alikuwa mrefu, mkavu, macho ya rangi ya maji ya kisima, na fimbo aliyoitumia zaidi kuashiria kuliko kutembelea. Hakutupenda. Hakututukana, lakini alituangalia kama mizigo iliyoshushwa kwenye gati lisilo lake. Alimwambia mwanawe, na Bi Inga akamwambia mama ili lisije likatushtukiza: watu hawa wakileta vurugu moja nyumbani mwangu, wanapanda meli inayofuata. Mama akamwita Bi Mkubwa, akamwinamia, akaenda zake kumwogesha mtoto. Ramadhani ilipoingia, mambo yakazidi. Bi Marit aliona mtu mzima anakataa chakula mchana, tena Krismasi ikiwa katikati, akaona ni dharau kwa jiko lake. Na kwa kweli mama mwenyewe aliona aibu kwa funga ile. Jua lilikuwa linachungulia na kuondoka. Tulikuwa tunakula daku karibu saa moja asubuhi na kufuturu kabla ya saa kumi jioni. "Hii si saumu," mama alisema, "hii ni kuchelewa chakula." Bwana Nils alileta dira ya meli, akaiweka juu ya meza na kumwonyesha mama kibla kiko upande gani. Nilimwona Bi Marit amesimama mlangoni akimtazama mama anaswali, dira pembeni yake, na uso wake siku hiyo ulilegea kidogo. Dira alikuwa anaifahamu.

Sasa kuhusu lile mama alilolifuata. Chini ya mtaa wetu, karibu na gati, palikuwa na ofisi ya mabaharia, nyumba ya njano yenye nanga mlangoni. Pale ndipo majina ya watu wa melini yalipokuwa yakiandikwa, na pale ndipo mtu alipoweza kuuliza. Bi Inga alimwonyesha mama wiki ya kwanza. Tulipita pale kila siku tukienda kununua maziwa. Kila siku nilidhani leo ataingia. Tukifika mlangoni mama alikuwa akianza kumfunika mtoto vizuri, au kunifunga kitambaa cha kichwa ambacho hakikufunguka, na mpaka amalize tumeshapita. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi, mwezi na nusu. Mwanamke aliyevuka bahari nzima alishindwa kuvuka kizingiti. Mimi nilikasirika. Nilikuwa nataka baba yangu, au nimlilie, kimojawapo.

Nieleze na mbwa, maana sisi hatukuelezwa, na kutoelezwa ndiko kulikotuponza. Kwenye dirisha la sebule ya Bi Marit, upande wa barabara, walikaa mbwa wawili wa kauri, weupe, masikio ya rangi ya dhahabu, mnyororo umechorwa shingoni. Mama hakuwapenda, alisema malaika wakifika dirisha lile wanageuza njia. Nyumba nyingi za mji ule zilikuwa na jozi kama hiyo. Mabaharia waliwaleta kutoka Uingereza, na wanawake wakawatungia kazi. Mume akiwa safarini, mbwa huelekezwa nje, watazame barabara na maji. Mume akirudi, mke huwageuza watazame ndani. Mtaa mzima ulikuwa ukisoma hivyo, bila kugonga mlango. Na mbwa wa Bi Marit walikuwa wametazama nje tangu wakati wa vita kuu ya pili, miaka ishirini na kitu, tangu meli ya mume wake Anders ilipotoka usiku bila taa na isionekane tena, si ubao, si mtu. Bwana Nils alikuwa mtoto mdogo wa kubebwa. Hakuna aliyewahi kuwagusa mbwa wale. Bi Marit mwenyewe aliwapangusa vumbi kwa ncha ya kidole, bila kuwainua.

Jioni ya mfungo wa ishirini na tisa mawingu yalifunika kila kitu, mwezi haukuonekana, mama akakamilisha thelathini, ndipo Idi ikaingia. Bi Inga alikuwa ameomba ruhusa tupike pilau kwa ajili ya nyumba nzima, na ajabu, Bi Marit akasema kama ni sikukuu, basi samaki atanunua yeye. Akachukua fimbo akashuka gatini. Mama alikuwa ghorofani na mtoto. Mimi nikaachiwa sebule niisafishe. Na nyie mnajua kwetu sebule inavyosafishwa kwa Idi: kila kitu kinatolewa, kinafutwa, kinarudishwa kimeng'ara, sahani za kabati na saa na maua ya karatasi, vyote uso kwa wageni. Mama alinifundisha hivyo tangu nikiwa sifiki meza. Nikafika dirishani. Nikaona mbwa wawili wameupa mji uso na wageni mgongo. Nikasema, hawa Wazungu bwana, pambo zuri namna hii wameliweka kinyumenyume. Nikawaosha, nikawakausha, nikawageuza. Wakatazama meza. Nikawapenda kidogo hata mimi.

Bi Olga aliona kwenye kioo. Baadaye tuliambiwa alishuka ngazi bila kiatu kimoja. Alikimbia mpaka gatini, akamkuta Bi Marit anachagua samaki, akamwambia, "Marit, mbwa wako wamegeuka."

Nilisikia miguu mingi kwenye theluji. Mlango ukafunguliwa, na Bi Marit, ambaye siku zote aligonga buti zake mara tatu nje kabla ya kuingia, hakugonga. Alisimama ndani na samaki kwenye gazeti, bila fimbo, kilemba chake kimeangukia mabegani. Nyuma yake Bi Olga anahema, na wazee wawili wa benchi la gati, mmoja ameshika kofia kifuani. Bi Marit akaangalia misumari ya kutundikia makoti. Akaangalia buti zilizopangwa chini. Kisha akaita, kwa sauti ya chini, kama unavyomwita mtu aliyelala usitake kumshtua: "Anders?"

Mimi nilikuwa nimesimama na kitambaa changu. Nilitabasamu, nikidhani amefurahia usafi.

Bi Inga akatoka jikoni, akaona dirisha, akasema neno moja fupi. Bi Marit akanitazama mimi, akawatazama mbwa, akamweka samaki mezani taratibu sana, akapanda ngazi. Hatukumwona siku ile wala iliyofuata. Bi Inga alipomweleza mama maana ya mbwa, mama alinizaba kibao kimoja, cha kwanza na cha mwisho katika nchi ile, kisha akakaa kitako sakafuni akanivuta kifuani, na hatukujua nani anambembeleza nani. Pilau alilipika, maana lilikuwa limeshaanza, na hakuna aliyekula vizuri. Usiku akatoa sanduku chini ya kitanda akaanza kukunja nguo. Nilimwuliza, "Na baba?" Akaendelea kukunja. Nilielewa kwamba tutapanda meli, na ile nyumba ya njano tutaiacha na majina yake yote, na hatutajua kamwe.

Siku ya tatu asubuhi Bi Marit alishuka. Alikuwa amechana nywele, amevaa nguo yake nyeusi ya kanisani. Akakaa jikoni, akaagiza mama aitwe, na mimi, na Bi Inga wa kutafsiri. Mbwa walikuwa bado wanatazama ndani. Hakuna aliyethubutu kuwagusa.

"Anauliza kwa nini mtoto aliwageuza," Bi Inga akasema.

Mama alisimama wima. "Mwambie kwetu sikukuu ikija, pambo linamtazama mgeni. Ukimpa mgongo umemfukuza. Mtoto aliona wamekaa vibaya, akawaweka sawa. Hakujua. Kama kuna adhabu ni yangu mimi niliyemfundisha."

Bi Marit akasikiliza mpaka mwisho. Akazungusha kikombe chake. Kisha akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa siku nzima, na Bi Inga akayafupisha: "Anasema miaka yote hii hakuwa anamngoja tena. Alijua. Lakini nani angewageuza? Angewageuza yeye, ingekuwa ni yeye aliyemzika. Anauliza, kwenu mume akipotea baharini, mke anafanya nini?"

Mama akaeleza. Akifa, mke anakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani, bila pambo wala manukato. Ikiisha wanawake wenzake wanakuja, wanamwogesha, wanamvalisha, wanamfukiza udi, wanamtoa nje kwenye jua. Akipotea bila habari, anangoja, kisha anakwenda kwa kadhi, na kadhi akishauliza na kutafuta, anamfungulia.

Bi Marit akauliza kitu kimoja. Bi Inga akaona haya, akawa mwekundu mpaka masikioni. "Anauliza kama wewe umekwenda."

"Mwambie sijaenda."

"Anauliza kwa nini."

Mama aliangalia dirishani. "Mwambie nikienda, amekufa. Nisipoenda, yuko safarini."

Bi Inga akatafsiri huku analia. Bi Marit hakulia. Alipiga meza kwa kiganja, akasimama, akamwelekezea mama kidole cha mkono ule ule aliokuwa akimwelekezea fimbo, na sauti yake ikawa ya kugomba, ugomvi wa shangazi kabisa. "Anasema," Bi Inga akasema, "yeye hakuwa na pa kuuliza. Bahari haijibu barua. Wewe ofisi ile pale chini. Anasema kila siku anakuona kwenye kioo, ukifika mlangoni unamfunika mtoto. Anasema uvae koti."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Tukashuka wanne, Bi Marit mbele, na sitamsahau mgongo wake mweusi ukikata ule mtaa mweupe. Mle ofisini alikuwamo mzee mwenye kiko na kitabu kikubwa kama mlango. Bi Marit alimfokea hata kabla hajasalimiwa. Nadhani walisoma pamoja. Mama akataja jina la baba na jina la meli. Aliposema jina la baba kwa sauti, kwa mtu mgeni, mbele ya kalamu, nilishika pindo la koti lake. Mzee akaandika, akasema ataandikia wenye meli, na jibu litachukua wiki kadhaa. Likachukua tano. Katika wiki hizo sanduku lilirudi chini ya kitanda na hakuna aliyezungumza habari ya meli inayofuata. Bi Marit alijifunza kusema "karibu", mama akajifunza kumpiga yule samaki mkavu kwa nyundo, na asubuhi moja niliwakuta wamekaa dirishani wawili, kimya, kahawa mkononi, wakimsema Bi Olga kwa macho tu. Mbwa waliachwa walivyo. Kwa siku chache watu wa mtaa walipunguza mwendo wakipita dirisha lile, wengine wakavua kofia. Mwisho wakazoea.

Barua ilikuja theluji ikiwa inayeyuka, mitaro yote inaimba. Yule mzee aliileta mwenyewe. Bi Inga akaisoma kimya, akairudia, akakaa. Baba yangu hakuzama. Aliondoka melini bandari ya Antwerpen, Ubelgiji, miaka mitatu nyuma, kwa hiari yake, mzima wa afya. Aliweka sahihi, akachukua mfuko wake, akashuka.

"Mzima?" mama akauliza.

"Mzima."

"Hakuacha neno?"

"Hakuacha."

Mama akanyoosha kanga yake, kiunoni, mabegani, kama anayejiandaa kutoka. "Alhamdulillahi, mzima," akasema. "Basi mimi nilikuwa namngoja nani?"

Bi Marit alidai atafsiriwe. Alipoelewa, akasema kitu kilichomfanya Bwana Nils, mtu mzima, azibe mdomo. Bi Inga hakutaka kukisema. Mama akasisitiza. "Anasema anajua tusi moja zuri sana la mabaharia, kama unataka kumtukana atakufundisha." Mama akacheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka, na Bi Marit akamshika kichwa akakilaza kwenye ile nguo yake nyeusi, na mimi nikatoka nje nikalie peke yangu kwenye gati, penye lami na kamba, ambako mzee mmoja wa benchi alinipa pipi ya chumvi, chungu kama dawa, nikaila yote.

Tuliporudi Tanga, mama alikwenda kwa kadhi wiki ile ile, na barua mkononi. Baadaye akaolewa na mlinzi wa stesheni ya reli, mtu mnene, mpole, aliyerudi nyumbani kila siku saa nane mchana kula wali, na aliyekuwa akichafukwa na moyo hata kwenye kivuko. Mama alimpenda kwa hilo tu. Bi Marit alituma kadi kila mwaka hadi alipokufa.

Rehema amenitafutia Lyngsund kwenye simu yake. Ipo. Nyumba bado nyeupe, nyeupe hata nyuma siku hizi, lakini anasema ni za watu wa mji mkuu wanaokuja kiangazi tu. Wakati wa baridi madirisha ni giza, hakuna wa kutazama wala wa kutazamwa. Maghala yamekuwa mahoteli. Nilihuzunika, kisha nikajicheka. Nani anataka kurudi kwenye mji ambao kila dirisha lina mwanamke anayengoja? Mimi naishi Johannesburg, mji usio na bahari hata ya kunawia, na bado ni bandari kubwa kuliko zote nilizoona. Nenda Yeoville uwaone Wakongo, njoo hapa kwetu Mayfair uone Wasomali na Watanga na Wapemba. Kila mmoja ameshukia hapa na mfuko wake, na kila mmoja ana mtu nyuma. Siku hizi anayengojwa ana simu mfukoni, unaona saa ngapi alikuwa hewani, unaona amesoma. Rehema anadhani kwa hiyo sisi wa zamani ndio tuliteseka. Mimi namwona anavyoitazama ile simu, nasema, hapana mwanangu, mmepewa tu kioo kidogo zaidi.

Mume wangu Hamadi alikuja huku ubaguzi ulipovunjwa, kama wengine wote, kutafuta. Barua zikaja, kisha zikapungua, kisha zikakatika. Nilikuwa na watoto watatu, na Tanga nzima ikanishauri nisubiri. Nilisubiri miezi mitatu. Nikamwachia mama watoto, na mama hakuniuliza hata swali moja. Alinifungia mikate ya mofa ya njiani. Nikapanda basi, nikabadilisha basi, siku sita, mipaka sijui mingapi, Kiingereza changu ni "please" na "sister". Nilimkuta Yeoville, amekonda, anauza nyanya kwenye kasha la mbao, kilo zake mbili za aibu zimemlemea kuliko kilo za nyanya. Hakuwa na mwanamke. Hakuwa na kitu. Aliponiona alishika kichwa.

"Umekuja kunigombeza?"

"Nimekuja kujua," nikamwambia. "Kama umekufa nijue, kama umeoa nijue, kama umefilisika sogea nikae."

Akasogea. Nyanya tuliuza pamoja, kisha vitambaa, watoto wakaletwa, wakasoma, na Rehema wao leo anafanya kazi Sandton, kule kwa wenye fedha, anaingia garimoshi la kwenda kasi na viatu vya kisigino mkononi. Mama yangu alingoja miaka minne, Bi Marit ishirini na kitu, mimi miezi mitatu. Naona tunaendelea vizuri. Sasa hivi Hamadi ananiita kutoka chumbani, mara ya pili hii, anataka chai. Nimemsikia. Na angoje kidogo.